Mto Uliokuja Siku ya Maji Mafu

Mashoga zangu, tangu nirudi kutoka Ukambani mwaniuliza yale yale. Nikianza kueleza, mmoja ananikata kauli, mwingine anacheka kabla ya mahali pa kucheka, na kahawa inakwisha sijafika hata Kibwezi. Basi nimeandika. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua, na mtu asiniulize tena. Habari za tikiti na vibali siziweki humu, maana hazina utamu.

Lililonitoa nyumbani mnalijua. Rukia, mwanangu wa pekee, ameolewa Kitui na Salimu, mtoto wa watu wetu waliohamia huko zamani kwa biashara ya vitambaa na asali. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kwetu binti mimba ya kwanza huizalia kwao, kwa mamake, na mwezi wa saba ulipotimu nilikuwa nimekwisha kumtandikia kitanda. Ikaja barua: miguu imevimba, daktari amemkataza gari na treni. Nikasema basi mwezi wa tisa ukiingia nitakwenda mimi, nitafika kabla ya uchungu, na wa kumpokea mjukuu wangu ni mimi na si mwingine. Nililisema hilo barazani mbele yenu, kwa sauti mnayoijua.

Mombasa mpaka Kibwezi

Nilifuatana na ndugu yangu Athumani, ambaye ana wake wawili, kazi nzuri bandarini, na hofu ya kila kitu chenye miguu zaidi ya miwili. Yeye alibeba pakacha la nazi na mbuzi ya kukunia. Mimi nilibeba vitu vya uzazi: mafuta, tangawizi, pilipili manga, mchele, tende, ubani na udi. Miaka ya vita tulivikosa vingi katika hivyo, na sasa kwa kuwa vimerudi madukani sikuona sababu ya kujibania.

Treni ilisimama sana Voi ikingoja mwenzake apite, kwa hiyo alfajiri ilitukuta bado njiani. Nikainua pazia la dirisha. Mashoga, nchi yote ilikuwa majivu. Miti ilikuwa mingi ajabu, imesongamana, lakini haina jani hata moja. Mashina meupe, matawi ya kijivu, miba kila mahali, na udongo mwekundu chini yake. Mwendo wa saa nzima ikawa ni hivyo hivyo. Nikamwamsha Athumani nikamwambia kuwa hawa watu wameunguliwa na nchi nzima na wala sisi Mombasa hatukusikia. Akatazama, akasema innalillahi, akafunga dirisha.

Kibwezi tuliteremka penye kijani kidogo, kwa kuwa kuna chemchemi, na mwanamke mmoja alikuwa akiuza ndizi. Sikununua kwanza. Nilimshika mkono nikampa pole kwa moto. Akaniuliza moto gani. Nikamwonyesha lile pori ng'ambo ya reli, nikamwambia asinifiche, mimi ni mtu mzima na misiba naijua. Akalitazama pori, akanitazama mimi, akalitazama tena pori.

"Hiyo haikuungua, mama," akasema. "Hiyo imelala."

Nikaona huzuni imemzidi mpaka akili imemruka. Nikanunua ndizi zake zote.

Siku mbili za Kibwezi

Lori la kutufikisha Kitui lilikuwa limevunjika springi. Dereva wake, Musyoki, mtu mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa chini yake na akaendelea kuwa chini yake siku mbili. Tulilala kwa mwenye duka aliyejuana na Salimu. Roho yangu haikutulia hata kidogo. Kila nikimwona Musyoki anakunywa chai nilikwenda kumsimamia mpaka aimalize.

Siku ya pili asubuhi nilitoka nyuma ya duka nikaona wanawake wanne wameketi kivulini, wanatafuna magome ya miti. Wallahi, magome ya miti. Mmoja ana ukanda mrefu unaning'inia mdomoni, anautafuna taratibu kama mtu aliyezoea, na pembeni yake pana rundo la kanda nyingine zinazongoja. Nilisimama pale machozi yakinitoka. Moto umekula nchi, nikasema, na sasa njaa imekula watu, nao wamekaa wanazungumza na kucheka kwa heshima yao, hawaombi mtu.

Nilirudi ndani nikachukua nusu ya mchele na nusu ya tende za Rukia. Athumani akaniuliza mzazi atakula nini. Nikamwambia mzazi ana mume. Nikawagawia wale wanawake sawasawa, nikawaambia kwa ishara wateme hayo magome. Wakatema kwa adabu, wakaonja tende, wakashukuru sana. Nilipoondoka niliwasikia wakicheka tena, nikafurahi kuwa tumbo likishiba moyo hurudi.

Jioni wakaja wanne wote dukani. Wamebeba kibuyu cha maziwa ya mgando na kikapu cha kiondo kipya, kikubwa, kimefumwa vizuri hata maji hayapiti. Mkubwa wao akakaa chini karibu yangu, akatia ukanda mdomoni, akautafuna mpaka ukalainika, akauchambua nyuzi, akazisokota juu ya paja lake kwa kiganja ikatoka kamba nyembamba. Akanionyesha kamba, akanionyesha kiondo. Mwenye duka akafasiri. Walikuwa kazini, basi. Walidhani ni desturi ya watu wa pwani kuwapa chakula watu wanaofanya kazi, nao wakasema ni desturi nzuri sana.

Athumani alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikipokea kiondo changu kwa mikono miwili, na ndicho hiki mnachokitamani kila siku mkija kwangu.

Kibwezi mpaka mtoni

Siku ya tatu tuliondoka. Mimi mbele na Musyoki, Athumani juu ya magunia ya chumvi. Tuliuvuka mto Athi, mto wa haki, wenye maji ya rangi ya chai, nikauridhia. Baada ya hapo ni Ikutha, na vumbi, na yale majivu yangu pande zote mbili. Nilimuuliza Musyoki moto ulianzia wapi. Alifikiri kwa muda wa maili nzima kisha akanijibu kuwa hakuna moto, miti hapa inatupa majani yake yote jua likizidi, mvua ikija inavaa tena. Nikamwambia mimi nimezaliwa penye miembe na minazi, na mti ukivua majani yote huo ni wa kuni. Akasema, "Sawa, mama." Nilikuja kugundua baadaye kuwa Mkamba akikwambia sawa namna ile, hajakubali kitu.

Mutomo tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde mpaka yakawa laini. Nilikula sahani mbili. Kisha twende, kwa sababu Musyoki alisema tukivuka mto mmoja tu uliobaki tutalala Kitui. Nilianza kujisuka nywele zangu upya humo humo garini ili Rukia asinione mchafu.

Tukafika. Nikauliza mto uko wapi. Palikuwa na ufuo. Mchanga mweupe, mlaini, mpana kama kutoka kwangu mpaka msikitini, unakwenda kulia na kushoto baina ya miti mikubwa ya kijani, na juu yake hakuna hata tone la maji. Kwa mara ya kwanza tangu Mombasa nikaona mahali ninapopajua.

Katikati ya mchanga watu wanane hivi walikuwa wamezunguka shimo. Shimo refu, mtu yumo ndani anachimba, wengine wamenyamaza. Nikavuta buibui langu vizuri, nikamwambia Athumani ashuke, kwa kuwa huwezi kupita penye maziko ukabaki garini. Tukateremka. Nikaketi mchangani karibu na wanawake, nikainamisha kichwa, nikamsomea yule maiti Fatiha, na Athumani akanyanyua mikono. Wenyewe wakanyamaza zaidi, wakatungoja tumalize. Tulipopaka nyuso zetu, aliyekuwa shimoni akatoa mkono na kibuyu kilichojaa maji safi, baridi, na mama mmoja akakipokea, akanipa mimi kwanza.

Basi maji yalikuwa chini ya mchanga. Niliyanywa. Ni matamu kuliko ya kisima chetu, nasema kweli.

Hapo ndipo ningeondoka, mashoga. Hapo ndipo kila mtu aliponiambia tuondoke. Lakini nilikuwa na vumbi la siku tatu mwilini, maji nimeyaona, na wale wanawake wakanielekeza shimo jingine kando, nyuma ya majani, ambapo ningeweza kuoga kwa staha. Nikatoa kanga yangu na sabuni. Musyoki akanifuata akiwa amevua kofia.

"Mwaitu," akasema, na ndivyo Wakamba wanavyomwita mama mtu mzima, "hii mto inakuja. Wacha tuvuke kwanza."

Nikamuuliza unakuja kutoka wapi. Akanyoosha mkono kwenye vilima vya mbali, akasema jana kulinyesha huko. Juu yetu mbingu ilikuwa kavu, haina wingu hata la kuazima. Wale watu walikuwa wanakusanya vibuyu vyao na kuwapakia punda, na yule mama aliyenipa maji akanivuta mkono mara mbili. Nikawatazama kwa huruma. Nikamwambia Musyoki anisikilize vizuri, kwa sababu mambo ya maji kuja na kwenda mtu wa pwani hafundishwi.

"Leo mwezi una siku nane tangu uandame," nikamwambia. "Ni maji mafu. Maji hayapandi mpaka bamvua, mwezi ukiwa kumi na tano. Ukiniambia wiki ijayo nitakuamini."

Akamtazama Athumani. Athumani akahesabu kwa vidole, akasema ni kweli, ni maji mafu. Musyoki angeweza kuniinua mzima mzima akanitupa garini, na natamani angefanya hivyo. Lakini alikuwa mtoto wa watu mwenye adabu, na mimi nina umri wa mamake. Akalirudisha lori juu ukingoni tulikotoka, akasema, "Sawa, mama." Nikaenda kuoga.

Niliosha mpaka nywele. Nilikuwa navaa buibui nikasikia mlio, nikadhani malori mengi yanakuja. Athumani akapiga ukelele ambao sijausikia tangu utotoni. Nikatoka mbio na kanga mkononi, nikapanda ukingo kwa magoti. Nilipogeuka niliona povu la rangi ya matope linateremka kwenye mchanga, halina haraka sana, linasukuma vijiti na mavi ya mbuzi mbele yake. Nyuma ya povu maji yakafika magotini, kisha kiunoni, kisha likapita gogo zima na mizizi yake. Ule ufuo wangu ukawa haupo. Ng'ambo, barabara ya Kitui ilikuwa inaonekana wazi, inapanda kilima.

Hakuna aliyenilaumu. Musyoki alikaa kwenye kibao cha mlango wa lori akawasha sigara. Nikamwendea nikamuuliza maji yatapwa saa ngapi.

"Ikitaka, mama," akasema.

Ukingoni

Yalitaka siku ya tatu. Siku ya kwanza sikusema na mtu, na Athumani alidhani naumwa. Nilikaa juu ya jiwe natazama maji, nikihesabu siku za Rukia kwa vidole, na kila hesabu ilinipeleka pale pale. Nililia kwa hasira kwanza, hasira ya mto, kisha nikalia kwa sababu nilijua si mto.

Yule mama aliyenivuta mkono alikuwa na boma lake karibu, upande huo wetu, akatuchukua wote watatu. Alikuwa mtu wa kanisa, akiomba kabla ya kula, nasi tukisema bismillahi yetu, na chakula kikawa kimeombewa pande mbili. Alikuwa na mbaazi nyingi. Siku ya pili nikainuka, maana kukaa kimya kunaniua, nikamwomba mbaazi na chungu, nikakuna nazi za Rukia, nikakamua tui. Watu wa boma wakakusanyika kuangalia. Babu mmoja akauliza ni maziwa ya mnyama gani. Nikamwambia ya mti.

Wakarudi nyuma wote, hatua moja. Musyoki akanieleza kuwa kwao maziwa ya mti ni yale ya minyaa ya ua, yakikuingia jichoni unapofuka, na hakuna mtu mwenye akili anayewapikia watoto. Nikawaambia wanitazame. Nikanywa tui bakuli zima mbele yao, nikafuta mdomo. Wakangoja kuona kama nitaanguka. Babu alinisogelea akanitazama macho, moja moja, na alipoona yote mawili yanamtazama akaomba mbaazi. Chungu hakikubaki kitu. Nilijisikia mtu tena, kwa saa moja hivi.

Mvua ilinyesha pale tulipokuwa jioni ya kwanza, na ya pili. Asubuhi ya tatu maji yalikuwa magotini, na Musyoki akasema lori litangoja mchanga ukauke lakini watu wanaweza. Wanawake wa boma wakashikana mikono mstari mmoja, mimi katikati, wakanivusha hatua kwa hatua, mchanga ukivutwa chini ya nyayo zangu. Nilishika mikono yao kwa nguvu nikafanya kila nilichoambiwa. Athumani alivuka na pakacha kichwani, macho ameyafumba.

Kwa miguu mpaka Kitui

Tulikwenda tangu jua changa mpaka baada ya adhuhuri, Musyoki mbele. Sikuijua ile nchi. Ile miti ya kuni, ile niliyoitolea rambirambi, ilikuwa imevaa. Majani madogo, mabichi, kila kijiti, kila mwiba, mpaka huoni udongo, na vipepeo weupe wamejaa njiani. Athumani akauliza bustani hizi zote ni za nani. Nilimwambia anyamaze, atembee. Sikutaka uzuri siku ile, nilitaka kufika.

Salimu alinipokea mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha kisha akapata salama, nikajua kabla hajafungua mdomo. Mtoto wa kike, akasema. Mama mzima, mtoto mzima, lakini alikuja ametanguliza miguu, na ilikuwa kazi, kuanzia juzi jioni mpaka alfajiri ya jana.

Rukia alikuwa kitandani, amepungua. Kwenye kigoda karibu yake ameketi mama wa Kikamba, jirani yao mkulima, jina lake Kalunde, na mjukuu wangu amemlaza magotini. Rukia akanitazama.

"Mama, ulikuwa wapi?"

Athumani alikuwa amekwisha kuanza kusema mto ulijaa, mto ulituzuia, na lisingekuwa uongo. Nikamwekea mkono kifuani.

"Nilikuwa naoga," nikasema. "Dereva aliniambia nivuke. Wenyeji waliniambia. Mimi nikawaambia maji nayajua. Ningewasikia ningelala hapa siku ile ile, kabla uchungu haujakushika."

Nilikuwa nangoja anilaumu. Hakunilaumu. Alisema tu, polepole, "Nilikuita."

Nilisimama pale na kiondo begani. Aliyejibu ni Kalunde, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto, kwa Kiswahili chake cha huko.

"Aliita mama usiku yote," akasema. "Mimi naitika."

Kisha akainuka anipishe kigoda. Rukia akaikamata shuka ya Kalunde akasema asiende. Iliniuma, siwafichi, iliniuma mahali ambapo sikujua pana uchungu, na wakati huo huo nilitaka kumbusu yule mwanamke miguu. Nikamwambia, kaa, mwenzangu, kaa. Nikaketi sakafuni karibu ya magoti yake. Akaniwekea mjukuu wangu mikononi, akanirekebisha kiganja, akanionyesha namna ya kumshika kichwa, mimi niliyelea watoto wa nusu ya mtaa huu. Nami nikamshika vile vile alivyonionyesha.